Mali Bila Daftari: Jinsi Programu Zinavyoingizwa Katika Kompyuta Ndogo

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya kazi niifanyayo kila siku, nami nimekubali kwa furaha, maana watu wengi hula matunda ya kazi hii bila kuijua. Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa ni fundi wa programu za kompyuta ndogo. Nisemapo kompyuta ndogo sina maana ya ile ya kuweka mezani wala ile ya kukunja na kubeba. Nataja ile iliyofichwa ndani ya chombo kingine: ndani ya ruta ya intaneti, ndani ya king'amuzi cha televisheni, au ndani ya kisanduku cha kupima maji yapitayo katika bomba. Chombo cha namna hiyo hakina kibodi, na pengine hakina hata kioo. Lakini ndani yake mna kompyuta kamili, na nyingi ya kompyuta hizo huendeshwa na Linux.

Swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara ni hili: "Je, programu zote zilizomo humo umeziandika wewe?" Jibu ni hapana. Nyingi zimeandikwa na watu wengine, walio mbali, ambao sijapata kuonana nao. Kazi yangu kubwa ni kuzichukua programu hizo, kuzikagua, na kuziingiza katika chombo kwa utaratibu ambao mtu mwingine ataweza kuufuata baada yangu. Katika somo hili nitaeleza utaratibu huo, na msomaji ataona kwamba wahenga hawakukosea waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA NINI PAHITAJIWE UTARATIBU

Katika kompyuta ya mezani mtu akitaka programu hutoa amri moja, nayo huja ikiwa tayari kutumika. Kompyuta ndogo haiwezi kutendewa hivyo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Ruta iitwayo Linksys WRT54G, iliyojulikana sana kuanzia mwaka 2002, ilikuwa na hifadhi ya megabaiti 4 tu katika matoleo yake ya mwanzo, na kumbukumbu ya megabaiti 16. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi yaweza kuijaza hifadhi hiyo yote. Vyombo vya leo vina nafasi zaidi, lakini mwenye kuviunda bado hana budi kuhesabu kila kitu akiingizacho.

Sababu ya pili ni kwamba prosesa ya chombo kidogo mara nyingi si ya ukoo mmoja na ile ya kompyuta ya fundi. Kompyuta ya fundi huenda ni ya aina ya x86, na chombo ni cha aina ya ARM, au MIPS, au RISC-V. Programu iliyotengenezwa kwa aina moja haisomeki kwa aina nyingine. Basi lazima fundi achukue maandishi asili ya programu, yale yaliyoandikwa na mwanadamu, ayageuze upya kuwa lugha ya prosesa ya chombo.

Kwa kazi hiyo ipo mifumo ya ujenzi. Ninaoutumia mimi huitwa Buildroot. Ulianza mwaka 2001 mikononi mwa watu waliokuwa wakitengeneza maktaba ndogo ya lugha ya C iitwayo uClibc, nao walitaka njia ya kuijaribia kazi yao. Leo hutoa toleo jipya kila miezi mitatu: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Upo na mwingine mashuhuri, Yocto, uliotangazwa mwaka 2010. Maandishi yake ni ya namna nyingine lakini shabaha ni ile ile. Mfumo wa ujenzi husoma orodha ya vitu vinavyotakiwa, huvipakua, huvijenga kimoja kimoja, na mwisho hutoa faili moja lililo tayari kuwekwa katika chombo.

Kila programu iliyomo katika orodha hiyo huitwa kifurushi. Buildroot ina vifurushi zaidi ya 2,000. Lakini siku haikosi kufika ambapo programu uitakayo haimo, na hapo yakupasa uandike hati ya kifurushi mwenyewe.

HATI YA KIFURUSHI

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ipo programu iitwayo pimamaji, ambayo husoma mita ya maji kwa taratibu ya Modbus. Modbus ni lugha ya mazungumzo ya mashine za viwandani, iliyobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, na hata leo hutumika katika pampu na mita nyingi. Pimamaji haijui kuisema lugha hiyo peke yake. Hutegemea maktaba iitwayo libmodbus, ambayo tayari imo katika Buildroot.

Hati yetu ina mafaili matatu, yote ndani ya folda moja yenye jina la programu.

Faili la kwanza huitwa Config.in. Hili ndilo huifanya programu ionekane katika menyu ya kuchagulia, na ndani yake mna jina, maelezo mafupi, na masharti. Masharti ni ya namna mbili, na wanaoanza huyachanganya. Namna moja huandikwa select na nyingine depends on. Fikirini duka la zana za kilimo. Anayenunua jembe hupewa na mpini wake, hata kama hakuutaja. Hiyo ndiyo select. Lakini asiye na shamba haonyeshwi jembe hata kidogo. Hiyo ndiyo depends on. Kwa hiyo anayechagua pimamaji hupewa na libmodbus papo hapo, kwa select. Lakini ikiwa programu yahitaji jambo la msingi, kama aina fulani ya prosesa, twaandika depends on, nayo haitaonekana mahali isipoweza kufanya kazi.

Faili la pili ndilo moyo wa hati. Jina lake ni pimamaji.mk, nalo laweza kuwa fupi hivi:

PIMAMAJI_VERSION = 1.4.2
PIMAMAJI_SITE = https://example.org/pimamaji
PIMAMAJI_LICENSE = GPL-2.0+
PIMAMAJI_LICENSE_FILES = COPYING
PIMAMAJI_DEPENDENCIES = libmodbus
$(eval $(autotools-package))

Mistari sita tu. Wa kwanza hutaja toleo. Angalieni kwamba toleo limetajwa kwa namba kamili; hatuandiki "toleo jipya kabisa", kwa kuwa lililo jipya leo silo litakalokuwa jipya mwakani, na chombo kilichojengwa Januari hakitafanana na kilichojengwa Juni. Wa pili hutaja mahali pa kupakulia. Wa tatu na wa nne hutaja leseni na faili ambalo leseni hiyo imeandikwa. Wa tano husema ni nini kijengwe kabla ya pimamaji. Wa mwisho huuambia mfumo kwamba mwenye programu alitumia taratibu za ujenzi ziitwazo autotools. Lau angalitumia CMake au Meson tungaliandika jina jingine, na kama hakutumia yoyote inayojulikana tungalieleza hatua wenyewe.

Faili la tatu ni pimamaji.hash. Humo tunaandika muhuri wa furushi tulilopakua. Muhuri huo hupatikana kwa hesabu iitwayo SHA256, ambayo husoma faili lote na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Herufi moja ikibadilishwa katika faili, muhuri wote hugeuka. Mfumo ukipakua furushi na kuona kwamba muhuri haulingani na ule wa hati, husimama na kukataa kuendelea. Tena faili la leseni nalo hupewa muhuri wake, ili siku mwenye programu akibadili masharti, fundi asipitiwe.

KUSHONA KWA KIPIMO CHA MTU ALIYE MBALI

Hati ikishaandikwa, mfumo huifuata hatua kwa hatua: hupakua, huhakiki muhuri, hufungua furushi, hutia viraka kama vipo, husanidi, hukompaili, na kusakinisha. Hatua inayowasumbua mafundi wengi ni ile ya kusanidi.

Mshonaji mwema hashoni kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe. Akiletewa vipimo vya mtu aliye Kigoma, hushona kwa vipimo hivyo, ijapokuwa yeye yuko Tanga na mteja hajamwona. Lakini programu nyingi zimeandikwa na watu waliodhani kwamba mshonaji na mvaaji ni mtu mmoja. Zinapoanza kujengwa huchungulia kompyuta zilimo, huuliza "Je, maktaba fulani ipo hapa?", na zikiikuta hufurahi na kuitumia, kumbe hiyo ni maktaba ya fundi, na chombo hakina. Matokeo ni moja katika mawili: ama ujenzi unakatika, ama unakamilika kisha programu inakufa siku ya kwanza katika chombo. La kwanza ni afadhali kuliko la pili. Ndiyo sababu kompaila ya Buildroot imetiwa mlinzi: akiona programu inachungulia folda ya /usr/include ya kompyuta ya fundi, hukatiza kazi kwa onyo.

Kwa sababu hiyo hiyo mfumo huwa na vyumba viwili. Kimoja huitwa staging, nacho ni ghala la mafundi: humo huwekwa maktaba pamoja na vichwa vya habari ambavyo programu nyingine zitavihitaji wakati wa kujengwa. Cha pili huitwa target, nacho ni sanduku la msafiri: humo huwekwa vile tu vitakavyosafiri ndani ya chombo. Libmodbus huwekwa katika vyote viwili, kwa kuwa pimamaji yaihitaji wakati wa kujengwa na wakati wa kutumika. Pimamaji yenyewe huingia katika sanduku la msafiri peke yake.

VIRAKA

Ikiwa programu ina kasoro inayoizuia kujengwa, twaitilia kiraka. Kiraka ni faili dogo linalosema: ondoa mstari huu, weka huu. Viraka hupewa namba, 0001, 0002, ili vifuatane, na juu ya kila kimoja huandikwa nani amekiandika, kwa sababu gani, na kama kimepelekwa kwa mwenye programu. Sharti hili la mwisho si adabu tupu. Mwenye programu akikipokea kiraka, katika toleo lijalo kitakuwamo ndani, nasi tutakiondoa katika hati yetu. Asipopelekewa, kila fundi duniani atashona kiraka kile kile peke yake, na kukishona tena kila toleo jipya litokapo.

LESENI

Wako wanaodhani kwamba programu ya bure haina masharti. Sivyo. Leseni iitwayo GPL, toleo la 2 la mwaka 1991, humruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuibadili na hata kuiuza. Lakini anayeuza chombo chenye programu hiyo hana budi kumpatia mnunuzi maandishi asili. Ile ruta ya WRT54G niliyoitaja juu ilikuwa na Linux ndani yake. Wajuzi wa Linux walipotambua jambo hilo mwaka 2003, wakadai haki yao, na maandishi yakatolewa mwaka ule ule. Kutokana na maandishi hayo, mwaka 2004 ulianza mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo huwapa watu programu za kutumia katika ruta za aina nyingi. Masharti ya leseni yaliwafungulia mlango watu wasiojulikana na kampuni yoyote.

Katika Buildroot amri moja, make legal-info, hukusanya leseni zote pamoja na maandishi asili ya vifurushi vilivyotumika, na kuandika orodha yake. Lakini hukusanya kilichoandikwa katika hati tu. Hati ikinyamaza, na orodha hunyamaza.

FAIDA YA DAFTARI SIKU YA HATARI

Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza habari iliyowashtua mafundi duniani kote. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Wengine wangalipuuza, yeye alichunguza. Akakuta kwamba xz, programu ya kubana mafaili itumiwayo karibu kila mahali, ilikuwa imetiwa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeutia alijiita Jia Tan, naye alikuwa amefanya kazi njema katika mradi huo kwa muda wa miaka miwili hivi, hata akaaminiwa kutoa matoleo. Tena kipande kimoja cha hila hiyo kilikuwa katika furushi la kupakuliwa tu, na hakikuwamo katika hazina ambayo watu huisoma.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: je, muhuri wetu wa SHA256 ungalituokoa? La. Furushi lilikuwa lile lile lililotolewa na mwenye kuaminiwa, na muhuri wake ungalilingana. Muhuri huthibitisha kwamba kitu hakikubadilishwa njiani. Hauthibitishi moyo wa aliyekituma. Nasema hivi ili msije mkauamini kupita kiasi.

Basi hati ilifaa nini? Siku ile kila fundi aliulizwa swali moja: "Vyombo vyenu vina toleo gani la xz?" Mwenye hati alifungua faili, akasoma mstari mmoja, akajibu. Ikiwa alikuwa na toleo baya, alirudisha namba ya zamani na muhuri wake, akajenga upya. Asiye na hati alibaki kuvikagua vyombo kimoja kimoja, mahali vilipo.

Nami nimeyaona mambo ya namna hiyo kwa macho yangu, ijapokuwa si kwa mlango wa siri. Nilipata kuletewa kisanduku cha kupeleka habari za pampu ya maji kwa njia ya simu. Kilikuwa kimeundwa na karakana ambayo sitaitaja, na fundi wake alikuwa amekwisha ondoka. Programu zote zilikuwa zimenakiliwa humo kwa mkono, moja moja. Vyeti vya usalama vilivyokuwamo vilipokwisha muda wake, kisanduku kikashindwa kupeleka habari. Dawa ilikuwa ndogo: kujenga upya maktaba moja na kuweka vyeti vipya. Lakini hakuna aliyejua maktaba ile ilikuwa toleo gani, imetiwa kiraka gani, wala imejengwa kwa kompaila ipi. Kazi ya siku moja ilichukua wiki tatu, na muda huo wote mtunza pampu, mzee wa makamo, alikwenda kwa miguu kila asubuhi kusoma mita kwa macho. Kisanduku kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni karatasi.

KWA WANAFUNZI WANAOTAKA KUJARIBU

Jambo hili laweza kujaribiwa hapa shuleni bila kununua chombo chochote. Inatosha kompyuta moja yenye Linux na nafasi ya gigabaiti kadhaa. Kwa kuwa intaneti yetu si ya kutegemea, fanyeni hivi: kwanza amri make qemu_x86_64_defconfig, ambayo huchagua chombo cha kuigiza ndani ya kompyuta yenyewe, kisha make source, ambayo hupakua kila kitu kinachohitajika na kukiweka akiba. Baada ya hapo amri make yaweza kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Huchukua muda mrefu, basi ianzeni asubuhi. Likifaulu hilo, andikeni programu ndogo ya C, hata ya mistari kumi, mwitengenezee hati yake, kisha mpatie mwenzenu hati hiyo ajenge bila kuwauliza neno. Akiweza, mmefaulu. Akirudi na swali, jibu lake liandikwe ndani ya hati, lisiishie mdomoni.

Wazazi na walimu nawaomba mwape vijana nafasi ya kufanya kazi hii, hata kama kwa macho yaonekana ni kuandika mistari michache tu. Vyombo hivi vitaendelea kuongezeka katika visima, zahanati na mashamba yetu, na vitahitaji watu wa kuvitengeneza miaka mingi baada ya walioviunda kuondoka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya select na depends on kwa mfano wako mwenyewe, usitumie jembe.
2. Kwa nini toleo la programu huandikwa kwa namba kamili?
3. Muhuri wa SHA256 huthibitisha nini, na ni nini usichoweza kuthibitisha?
4. Libmodbus huwekwa katika vyumba viwili na pimamaji katika kimoja. Kwa nini?
5. Chagua chombo kimoja cha nyumbani au cha shuleni chenye kompyuta ndani yake. Kikiharibika miaka kumi ijayo, fundi atahitaji kuona nini kimeandikwa ili aweze kukitengeneza?